VITA VYA MPAKA WA KASKAZINI: KHABARI YA UPANDE MMOJA HAITOSHI



Katika darsa zetu limetokea jambo ambalo twaona si vyema kulinyamazia. Tulikuwa twasoma taarikh ya nchi yetu, tukafika kwenye vita vilivyopiganwa katika mpaka wa Kenya na Somalia tangu mwaka 1963 hata mwaka 1967, ambavyo watu wengi huviita "vita vya shifta". Mmoja katika wenzetu, mzee wa Kibajuni aliyezaliwa bara ya Lamu, alisema ya kuwa yeye hana haja ya kufundishwa khabari hiyo na kitabu. Alikuwa mtoto mdogo usiku walipopakiwa mashuani, wakaacha mashamba, nyumba na msikiti kwa kuwakimbia watu wenye bunduki. Kwake yeye shifta ni mwizi na muuaji, wala hapana neno jingine la kuongeza.

Mwenzetu mwingine, kijana ambaye wazee wake ni watu wa Garba Tulla, alijibu kwamba babu yake hakuiba kitu cha mtu, na kwamba ngamia wake walimalizwa na askari wa serikali, si na shifta. Sauti zilipanda. Darsa ilivunjika kabla ya wakati wake, na wiki ya pili mmoja wao hakuja.

Tuliulizana: nani katika wawili hawa aliyesema uwongo? Jawabu ni kwamba hakuna. Kila mmoja alisema aliyoyaona, au aliyoyapokea kwa watu wake walioyaona. Makosa yalikuwa katika kudhani kwamba kipande cha nguo alichonacho mtu mkononi ndiyo nguo nzima. Na makosa haya si yao peke yao. Ni makosa yaliyofanywa kwa makusudi na serikali mbili, zikayatia katika redio na magazeti, na sisi raiya tukayapokea na kuwarithisha watoto wetu.

Muradi wetu katika somo hili si kumtetea mtu wala kumshitaki. Muradi wetu ni kuyaweka masimulizi ya pande zote mezani, tuyapime moja moja, tujue kila moja lasema nini kweli na laficha nini.

KANUNI YA KUPIMA KHABARI

Sisi Waislamu hatuna udhuru wa kuwa wavivu katika jambo hili. Suratul Hujurat, katika aya yake ya 6, yatutaka tuichunguze khabari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawaangamiza wasio na kosa. Suratul Maida, katika aya ya 8, yatukataza kuiacha insafu kwa sababu ya chuki tuliyo nayo kwa watu. Na wanavyuoni wa Hadithi walitufundisha kazi hii kwa vitendo: hawakuridhika na maneno matamu, bali waliuliza ni nani aliyeyasema, aliyapokea kwa nani, na je, alikuwa na manufaa yake katika kuyasema?

Twaajabu basi kuona mtu aliyesoma elimu hii msikitini akitoka nje na kuamini kila lisemwalo kuhusu jirani yake. Khabari za vita zahitaji kuchunguzwa zaidi kuliko khabari nyingine, kwani wakati wa vita kila upande una haja ya kuaminiwa.

Tukichukua kanuni hiyo katika taarikh, twapata maswali manne. Nani asema? Apata nini kwa kusema? Nani hakuulizwa? Na je, majina yanayotumika ni ya kueleza au ni ya kuhukumu?

MSTARI ULITOKA WAPI

Kwanza tujue mpaka wenyewe, kwani wengi hugombana juu yake kama kwamba uliumbwa pamoja na milima.

Kismayu na pwani yake ilikuwa zamani katika milki ya Masultani wa Zanzibar, kama zilivyokuwa Lamu na Mombasa. Waingereza walipotangaza himaya yao ya Afrika ya Mashariki mwaka 1895, nchi ya Jubaland ilikuwa ndani yake, na mpaka baina yao na Wataliani ulikuwa ni mto Juba. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza. Mwaka 1915 Italia iliingia vitani upande wa Uingereza na Ufaransa, nayo ikaahidiwa malipo. Ahadi hiyo ilitimizwa kwa mapatano ya mwaka 1924, na mwaka 1925 Jubaland pamoja na Kismayu ikatolewa kwa Italia. Mpaka ukasogezwa upande wa magharibi, ukafika baharini karibu na Ras Kiamboni. Wabajuni wa Kismayu na Wabajuni wa Kiunga, watu wa lugha moja na nasaba moja, walilala ndugu wakaamka raiya wa dola mbili. Hapana aliyewauliza.

Upande wa bara, Waingereza walikuwa na jimbo waliloliita Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Ndani yake mlikuwa na Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo. Kwa sheria ya mwaka 1902 ya wilaya za mbali, na nyingine ya mwaka 1934, jimbo hilo lilifungwa: mtu hakuingia wala hakutoka ila kwa rukhsa. Wafugaji walichorewa mistari ndani ya nchi yao wenyewe, huku Wasomali na kule Waborana, na mwenye kuuvuka mstari na wanyama wake aliadhibiwa. Skuli zilikuwa chache na barabara zilikuwa chache. Jimbo lilihesabiwa kuwa ni ukuta wa kuikinga nchi ya walowezi, na ukuta haujengewi skuli.

Hivyo ulipofika wakati wa uhuru, Mkenya wa Nairobi au wa Mombasa hakumjua mtu wa Wajir, wala mtu wa Wajir hakuwa na sababu ya kujiona kuwa ni mwenziwe. Jambo hili halikuanza na Kenyatta wala halikuanza na Mogadishu. Lilianza katika afisi za wakoloni, nao ndio ambao masimulizi ya pande zote mbili huwasahau upesi.

MASIMULIZI YA NAIROBI

Masimulizi ya kwanza, ambayo sote tulilelewa nayo, yasema hivi. Kenya ilipata uhuru wake tarehe 12 Disemba 1963 na mipaka yake ikijulikana. Jirani akataka kuimega. Aliwapa silaha wanyang'anyi wakavuka mpaka, wakaua, wakaiba. Serikali ililazimika kuilinda nchi, ikailinda.

Tusiwe wepesi wa kuyatupa maneno haya, kwani yana ukweli ndani yake. Silaha zilitoka Somalia. Katika miaka ya mwisho ya vita mabomu yalitegwa barabarani, na bomu la ardhini halichagui baina ya askari na abiria. Tarehe 28 Juni 1963, hata kabla ya uhuru, waliviziwa na kuuawa Daudi Dabaso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa Mkuu wa Wilaya ya Isiolo, pamoja na Chifu Haji Galma Dido wa Waborana. Hawa hawakuwa wakoloni. Walikuwa wana wa nchi ile ile. Na katika bara ya Lamu, watu wa vijiji walihama kweli kukimbilia visiwani, kama alivyosema mzee wetu.

Hoja ya mipaka nayo si hoja dhaifu. Kongo ilikuwa imetoka kuingia katika fitina ya kujitenga kwa Katanga mwaka 1960. Viongozi wengi wa Afrika waliona kwamba ukifunguliwa mlango mmoja hautafungika tena. Ndiyo sababu Umoja wa Nchi Huru za Afrika, katika mkutano wake wa Cairo wa Julai 1964, uliamua kuwa kila dola iiheshimu mipaka iliyorithi siku ya uhuru wake. Somalia na Morocco hazikukubali, lakini nyingi zaidi zilikubali.

Sasa tuulize: masimulizi haya yaacha nini?

Yaacha kwamba watu wa kaskazini waliulizwa wataka nini, wakajibu, na jawabu lao likawekwa kando. Baada ya mkutano wa katiba uliofanywa Lancaster House, London, mwaka 1962, serikali ya Kiingereza ilipeleka Tume ya watu wawili, mmoja Mnaijeria na mmoja jemadari wa Kikanada. Tume ilizunguka jimbo lile, ikafanya mabaraza, ikawasikiliza wajumbe wa kila kabila. Katika ripoti yake ya Disemba 1962 ilisema waziwazi kwamba katika sehemu za Wasomali, watu karibu wote walitaka kujitenga na Kenya na kuungana na Somalia. Mwezi wa Machi 1963 Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Duncan Sandys, akatangaza kwamba sehemu hizo zitafanywa kuwa jimbo la saba la Kenya. Somalia ikavunja ubalozi na Uingereza mwezi ule ule. Wasomali wa jimbo wakaususia uchaguzi wa Mei. Mwezi wa Agosti yalifanywa mazungumzo mjini Roma, nayo hayakuzaa kitu.

Mtu aweza kusema kwamba uamuzi wa Machi ulikuwa wa lazima. Hilo ni rai, na rai yaweza kujadiliwa. Lakini mtu hawezi kusimulia vita na kuanza na risasi, akaliruka baraza lililotangulia risasi. Anayesimulia hivyo awafanya watu wenye dai waonekane kama watu wasio na dai.

Yaacha pia namna nchi ilivyolindwa. Tarehe 25 Disemba 1963, siku 13 baada ya uhuru, ilitangazwa hali ya dharura katika kaskazini mashariki. Katika mwaka 1966 na 1967 wafugaji walikusanywa katika vijiji vya kulindwa, kama vile Garba Tulla, Merti na Modogashe katika wilaya ya Isiolo. Mfugaji riziki yake ni kuhama. Akizuiwa, mnyama hufa, na mnyama akifa mwenyewe hubaki mwombaji. Ngamia walipigwa risasi, kwa sababu ilidhaniwa kwamba penye ngamia pana shifta. Waborana wa Waso na Wasakuye huuita wakati ule Gaaf Daba, maana yake ni wakati wa kusimamishwa. Wasakuye, waliokuwa watu wa ngamia, walibaki mafukara. Je, hawa wote walikuwa shifta? Mtoto na ajuza na ngamia?

MASIMULIZI YA MOGADISHU

Masimulizi ya pili yamepata wasikilizaji wengi miongoni mwetu, kwa sababu yalitoka kwa Waislamu wenzetu na yakanenwa kwa jina la haki. Yasema kwamba Wasomali ni taifa moja, wa lugha moja na dini moja, ambalo wakoloni walilikata mapande matano. Mwaka 1960 mapande mawili, la Waingereza na la Wataliani, yalipata uhuru na kuungana. Bendera ikatiwa nyota ya pembe tano, kila pembe kwa pande moja, na moja katika hizo ilikuwa ya kaskazini mwa Kenya. Waliochukua silaha, yasema masimulizi haya, walikuwa wapigania uhuru, na watu wote wa jimbo walikuwa pamoja nao.

Hapa pia tusitupe ovyo. Kwamba mkoloni aliwakata vipande ni kweli. Kwamba Tume iliwasikia Wasomali wa jimbo wakitaka kuungana na wenzao ni kweli. Na mwenye kudai haki ya kujiamulia mambo yake kwa Mwingereza hana wepesi wa kuikataa haki hiyo kwa mwenziwe.

Lakini neno "wote" si kweli. Ripoti ile ile ya Tume iligawa jimbo katika sehemu tatu: sehemu ya rai ya Kisomali, sehemu iliyotaka kubaki Kenya, na sehemu iliyochanganyika. Walikuwako Waborana wengi, Wagabra, Warendile na Waburji wasiotaka kutawaliwa kutoka Mogadishu. Walikuwako pia Waislamu wasiokuwa Wasomali walioufuata upande wa kujitenga, khasa katika Isiolo, na hawa walipata taabu kubwa kuliko wengi. Pembe moja ya nyota haikuweza kuonyesha tofauti hizi. Mchora bendera aliichukua ardhi nzima, watu wake wakafuata kama mzigo.

Masimulizi haya yaacha vilevile kwamba serikali ya Somalia ilikana kuwapa watu silaha, na huku ikiwapa. Yaacha kwamba mtu aliyepewa jina la mpigania uhuru aliweza kumpora Mbajuni mbuzi wake na mahindi yake na bado akaitwa shujaa redioni. Haji Galma Dido alikuwa Mwislamu aliyekwisha kwenda Makka. Damu yake haikuwa halali kwa sababu alikubali kazi ya uchifu.

Na tuangalie mwisho wake. Tarehe 28 Oktoba 1967, mjini Arusha, Rais Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia, Muhammad Haji Ibrahim Egal, walitia saini mapatano ya kumaliza uadui, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Twaushukuru usuluhishi kila unapositisha damu. Lakini mapatano yalikuwa ya serikali na serikali. Watu wa jimbo, ambao kwa jina lao yote yalifanywa, walirudi katika maboma yao pasi na wanyama, hawana walichopata kwa yule wala kwa huyu. Aliyewaahidi nyota alifunga mlango wake, na aliyewaita raiya aliziacha amri za dharura zikawatawala mpaka mwaka 1991.

NENO MOJA NA KAZI YAKE

Tumesema kuwa tuyatazame majina. "Shifta" ni neno lililotoka Habash. Huko lilikuwa na maana mbili: mnyang'anyi wa njiani, na pia mtu aliyemwasi mtawala akakimbilia porini. Lilipoingia Kenya, maana ya pili ilitupwa, ikabaki ya kwanza. Faida yake kwa serikali yaeleweka. Muasi huulizwa sababu ya uasi wake, lakini mwizi haulizwi sababu. Ukiviita vita wizi, umeshajibu maswali yote kabla hayajaulizwa.

Na neno halikusimama pale. Lilitoka kwa mwenye bunduki likamwendea mchungaji, likatoka kwa mchungaji likamwendea muuza duka wa Eastleigh, na watoto wake waliozaliwa miaka mingi baada ya vita kwisha. Mwaka 1989 Wakenya wa Kisomali walitakiwa wote wahakikishwe uraiya wao na wapewe vyeti vya namna ya peke yake, jambo ambalo makabila mengine hayakutakiwa. Hayo ni matunda ya masimulizi ya upande mmoja. Mtu huanza kwa kusema neno, akaishia kumnyima jirani yake kitambulisho.

Na sisi watu wa pwani tujiulize kwa insafu. Ni mara ngapi katika mabaraza yetu, mahamri yakiliwa na kahawa ikinywewa, tumelitamka neno hilo kwa mtu aliyesali nasi safu moja?

SHERIA ILIYOWAFUNGA MIDOMO WOTE WAWILI

Sasa twafika katika jambo ambalo lau wenzetu wawili wangalilijua, hawangaligombana.

Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishitakiwe kwa mambo waliyoyatenda katika kuzima uasi, tangu tarehe 25 Disemba 1963 hata tarehe 1 Disemba 1967. Sheria ilizitaja sehemu zinazohusika: jimbo la Kaskazini Mashariki, na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu.

Soma tena majina hayo, ndugu msomaji. Isiolo imo, na Lamu imo. Mtu wa Garba Tulla aliyetaka kuuliza khabari ya ngamia waliopigwa risasi alifungiwa mlango wa mahakama. Na mtu wa bara ya Lamu ambaye huenda alikuwa na lake la kumwuliza ofisa alifungiwa mlango ule ule kwa ufunguo ule ule. Waliotunga sheria waliwaona kuwa watu wa fungu moja. Ni wao wenyewe ndio waliofundishwa kuonana kuwa maadui.

Miaka mingi ilipita. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, iliwasikiliza watu wa kaskazini na wa pwani, na ripoti yake ikakabidhiwa kwa Rais mwezi wa Mei 2013. Mwezi wa Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama Bungeni akaomba radhi kwa niaba ya serikali kwa dhulma zilizopita. Kuomba radhi ni jambo jema. Lakini radhi haijui imwendee nani ikiwa watu hawajui ni nani aliyedhulumiwa, na watu hawatajua ikiwa kila mtaa washika simulizi lake na kuziba masikio kwa la mwenziwe.

MTU WA TATU

Tusimalize pasi na kumtaja yule ambaye masimulizi yote mawili humwacha aondoke kimya. Nani aliutoa mto Juba kuwa mpaka akaupeleka mstari magharibi, kwa kulipa deni la vita vya Ulaya? Nani alilifunga jimbo kwa rukhsa? Nani alikipiga marufuku chama cha vijana wa Kisomali katika Kenya mwaka 1948, kisha mwaka 1960 akavirukhusu vyama ghafula, imebaki miaka mitatu tu aondoke? Nani aliwauliza watu swali, na baada ya kupata jawabu akatangaza kinyume chake, akakunja bendera yake na kuondoka?

Sisi watu wa pwani twaijua njia hiyo. Suala la Mwambao nalo lilipelekewa mjumbe, Sir James Robertson, mwaka 1961, na mwisho wake ukatiwa saini London tarehe 8 Oktoba 1963 baina ya serikali. Hatusemi haya ili tufufue yaliyokwisha zikwa. Twasema ili tukumbuke kuwa mwenye kuamuliwa mbali na nyumbani kwake yampasa amfahamu mwenziwe aliyeamuliwa hivyo hivyo, hata kama rai zao hazikuwa moja.

Lakini tusimfanye mkoloni kuwa kisingizio cha kila kitu. Mkoloni alichora mstari. Hakumwua Haji Galma Dido, wala hakuwapiga risasi ngamia wa Wasakuye mwaka 1966. Mwenye kosa aliandikiwe lake, na la mwingine asibebeshwe.

FUNZO

Huenda mtu akasema: haya ni ya zamani, yatufaa nini leo? Twajibu kwamba mpaka ule ule umeendelea kuzaa khabari za upande mmoja. Mwaka 2014 Somalia ilipeleka mashitaka ya mpaka wa baharini katika Mahakama ya Kimataifa ya The Hague. Hukumu ilitolewa tarehe 12 Oktoba 2021, Kenya ikaikataa. Siku zile Nairobi ilisema imenyang'anywa, Mogadishu ikasema imeshinda. Ni wachache waliomwuliza mvuvi wa Kiunga au wa Kismayu ambaye samaki wake hawana pasi ya kusafiria.

Kwa hivyo twaweka mbele yenu mambo matatu. La kwanza, mtu asimkatalie mwenziwe ushahidi wa macho yake, ila amwulize aliona wapi, lini, na kwa nani. La pili, mtu aanze kulipima simulizi analolipenda kabla ya analolichukia, kwani uwongo wa adui hauna tabu kuujua, bali uwongo wa rafiki ndio hutuingia nyumbani. La tatu, udugu wa dini au wa kabila usiwe sababu ya kulifunika kosa. Suratun Nisaa, aya ya 135, yatutaka tuishuhudie haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu. Anayemficha mwuaji kwa kuwa ni Mwislamu, na anayemficha askari mdhalimu kwa kuwa ni wa serikali yake, wote wawili wamekosea mlango mmoja.

Twamaliza kwa kusimulia mwisho wa ugomvi ule. Baada ya wiki tatu baadhi yetu tulimwendea kijana nyumbani kwake, na mzee wa Kibajuni akafuatana nasi kwa khiyari yake. Tulikaa. Kwa muda hapana aliyesema. Kisha mzee akauliza: "Mwanangu, hao ngamia wa babuyo, walikuwa wangapi?" Kijana akamtajia, na akataja hata majina ya baadhi yao, kama alivyoyasikia kwa baba yake. Mzee akatikisa kichwa. Kisha kijana akauliza: "Na huo msikiti mliouacha, ami, umesimama hata leo?" Mzee akasema: "Kuta zimesimama. Paa hapana." Darsa iliyofuata walikuja wote wawili.

MASUALA YA DARSA IJAYO

1. Uliza nyumbani kwako: je, yuko mzee akumbukaye miaka ya 1963 hata 1967? Alikuwa wapi, na aliona nini kwa macho yake? Tenga aliyoyaona na aliyoyasikia.

2. Kwa nini Tume ya mwaka 1962 haitajwi sana katika masimulizi ya Nairobi, na kwa nini sehemu mbili katika tatu za ripoti yake hazitajwi katika masimulizi ya Mogadishu?

3. Andika maneno matatu tuyatumiayo kwa majirani zetu ambayo yahukumu kabla ya kueleza. Yalitoka kwa nani?

4. Lau ungaliandikiwa wewe kitabu cha skuli juu ya vita hivi, ungaliwapa nafasi nani ambao mpaka leo hawajasikiwa?

Kila mwenye jawabu na alilete. Na mwenye kuona kosa katika tuliyoyaandika na atusahihishe, kwani sisi nasi ni wasimulizi, na kanuni ya kuchunguzwa yatuhusu kama inavyowahusu wengine.